Gemu ya 17: kisa cha Viktor Korchnoi, grandmasta aliyeamka akishakuwa shimoni

Juzi usiku nilipanga tena kete za gemu ya 17 ya Baguio, 1978, mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi, Viktor Korchnoi kete nyeupe, bingwa Anatoly Karpov kete nyeusi, nikaisogeza taratibu mpaka muvu ya 39 nikasimama. Nimeipitia gemu hii mara nyingi sana na kila nikifika hapo naumia kama vile ndo naiona mara ya kwanza. Korchnoi amebakiza muvu 2 tu kufika ya 40, ukifika hapo saa inaongezwa muda na mtu unapumua. Gemu ameianza vizuri, amekuwa juu kwa muda mrefu, ila saa imembana vibaya. Anaishika ngome yake anaipeleka mraba wa a1. Ukitazama haraka huoni shida yoyote. Karpov anamrusha farasi f3, cheki, yaani mfalme anashambuliwa. Ukimla huyo farasi, ngome nyeusi inaingia kwenye mstari wa g inapiga cheki nyingine, mfalme anakimbilia kona ya h1, farasi wa pili anatua f2, kwisha habari. Usipomla ukakimbilia kona moja kwa moja, ni yule yule farasi wa pili anatua f2, kwisha vilevile. Mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe hana pa kutokea. Farasi wawili wamemmaliza mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa anatafuta ushindi.

Nataka niichambue safari ya huyu mzee kupitia gemu hiyo, maana naona watu wengi wanaomsimulia Korchnoi wanabaki kwenye vituko tu, mara yogati, mara miwani ya kioo, mara mtaalamu wa kukodolea watu macho. Vituko vilikuwepo na nitavigusa. Ila swali la maana kwangu ni moja, inakuwaje mtu aliyecheza kwenye levo ya juu kabisa ya dunia kwa zaidi ya nusu karne, bingwa wa Umoja wa Kisovieti mara 4 (1960, 1962, 1964 na 1970) wakati ambapo kuwa bingwa wa Sovieti ilikuwa karibu sawa na kuwashinda wakali wote wa dunia, anakufa bila kuwahi kuwa bingwa wa dunia? Nina jibu langu, na linatoka kwenye matokeo yenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Korchnoi kazaliwa Leningrad 23 Machi 1931. Wajerumani wanauzingira mji Septemba 1941 yeye ana miaka 10. Baba yake ndo aliyemfundisha chesi, na baba huyo akafa mwaka ule ule vita vilipofika. Majira ya baridi ya 1941 mgao wa mkate kwa watoto na wasiofanya kazi ulishuka mpaka gramu 125 kwa siku, kipande cha kuenea kiganjani, na mkate wenyewe umechanganywa na vitu visivyo unga. Watu walikufa kwa mamia ya maelfu. Yeye akabaki hai, akalelewa na mama wa kambo, na baadaye akajiunga na klabu ya chesi ya watoto. Sisemi njaa inatengeneza grandmasta (cheo cha juu kabisa cha chesi), la hasha, ila ukiijua hiyo miaka karibu 2 na nusu ya kuzingirwa unaelewa kwa nini mtu huyu ukimweka kwenye kona mbaya ndo kwanza anakaa sawa kwenye kiti. Staili yake ya kucheza ilikuwa hivyo hivyo, akuachie ushambulie, akumeze kete yako moja, avumilie kipigo, halafu akurudishie. Mikhail Tal mwenyewe, mshambuliaji ambaye dunia nzima ilimuogopa, kwa Korchnoi alikuwa anateseka, kafungwa naye mara nyingi kuliko alivyomfunga.

Ugrandmasta aliupata 1956. Miaka ya 60 yote yupo juu. 1968 anafika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, anapigwa na Spassky. 1971 anatolewa na Petrosian kwenye nusu fainali. Halafu inakuja 1974, na hapa ndo kisa kinaanza kuwa kizito.

Fainali ya 1974 ya kumtafuta mpinzani wa bingwa ilichezwa Moscow, Korchnoi miaka 43 dhidi ya Karpov miaka 23. Kanuni ni kwamba wa kwanza kufikisha ushindi 5 anachukua, ila gemu zisizidi 24. Wakubwa wa Sovieti walishachagua mtoto wao, Karpov, kijana mtulivu, mtiifu, mwenye maisha marefu mbele. Korchnoi mwenyewe alilalamika miaka yote kwamba makocha na wachambuzi wazuri waliwekwa upande wa Karpov yeye akaachwa apambane na hali yake. Gemu ya 2 akaingia kwenye ufunguzi wa Dragoni akapigwa kwa mashambulizi yaliyoandaliwa nyumbani, muvu 27 tu. Akapoteza ya 6. Akapoteza ya 17. Ni 3 kwa 0, zimebaki gemu 7, kila mtu kashafunga vitabu.

Ndo akaamka. Akashinda ya 19. Akashinda ya 21 kwa muvu 19 tu, gemu fupi mno kwa mtu wa kiwango cha Karpov kupoteza. Sasa ni 3 kwa 2 na kijana ameanza kuchoka vibaya, mwili wake ulikuwa mdogo na mechi ilikuwa ndefu, ila gemu zikaisha. Ya 24 sare, mechi imekwisha, sare 19 kwa jumla, Karpov kashinda kwa pointi 1.

Na hakuna aliyejua siku hiyo kwamba ile ndo ilikuwa mechi ya ubingwa wa dunia. Bobby Fischer, bingwa wa wakati huo, alidai mechi ya kutetea taji lake ichezwe mpaka mtu afikishe ushindi 10, na ikiwa 9 kwa 9 bingwa abaki na taji. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wakakubali zile 10 wakakataa 9 kwa 9, Fischer akakataa kucheza, na Aprili 1975 Karpov akavishwa ubingwa bila kusogeza kete hata moja. Kwa hiyo pointi 1 ile ya Moscow ndo ilikuwa taji.

Angalia namba: gemu ya 17 ya 1974 inamtupa shimoni, 3 kwa 0. Gemu ya 17 ya 1978, ile ya farasi wawili, inamtupa shimoni tena, 4 kwa 1. Inawezekana namba kugongana ni bahati tu. Kinachofuata baada yake mi siamini kama ni bahati.

Baada ya Moscow akaongea na waandishi wa Yugoslavia akamshusha Karpov hadharani. Kwa mfumo wa kule lilikuwa kosa kubwa. Karibu mwaka mzima hakuruhusiwa kucheza nje ya nchi, posho yake ikapunguzwa. Na kwa grandmasta kumfungia safari ni kama kumnyang'anya mvuvi mtumbwi, mashindano ndo kazi yake yenyewe. Walipomwachia akaenda Hastings, halafu Julai 1976 akaenda Amsterdam, akamaliza wa kwanza sawa na Muingereza Tony Miles. Inasimuliwa kwamba alimuuliza Miles neno la kuomba hifadhi ya kisiasa linaandikwaje kwa Kiingereza, herufi kwa herufi. Kisha akaenda polisi wa Uholanzi akaomba hifadhi. Ana miaka 45. Mke wake Bella na mtoto wao Igor wapo Leningrad.

Hapa lazima niseme ninavyoona, hata kama kuna mtu atakwazika. Uamuzi ule nauelewa kabisa, na hapo hapo naona ulikuwa na mtu mwingine aliyeulipia. Mtoto wake aliomba ruhusa ya kuondoka nchini akanyimwa, akaitwa jeshini, akakataa maana ukishapita jeshini wanaweza kukuzuia miaka kwa kisingizio cha siri za nchi, akakamatwa na kuhukumiwa miaka 2 na nusu kambi ya kazi. Kwa hiyo tunapoongea kuhusu mechi za Korchnoi za miaka ile tukumbuke kwamba upande wa pili wa bodi hakukaa Karpov peke yake, ilikaa serikali iliyoshika familia yake.

Na serikali hiyo ilifanya kila njia. Magrandmasta wa Sovieti walisusia mashindano aliyoalikwa. Magazeti ya kwao hayakutaka hata kumtaja jina, wakawa wanaandika tu "mpinzani". Yeye njia nzima ya kumfikia bingwa akaipita kwa kuwafunga watu wa nchi yake ya zamani, Petrosian, Polugaevsky, halafu Spassky.

Hiyo ya Spassky, Belgrade, mwishoni mwa 1977 mpaka Januari 1978, isomeni kwa makini maana ndo ufunguo wa uchambuzi wangu. Baada ya gemu 10 Korchnoi anaongoza 7½ kwa 2½. Imekwisha hiyo, si ndio? Spassky akaanza tabia ya kukaa chumba cha nyuma ya jukwaa akitazama bodi kubwa ya watazamaji, anatoka tu kuja kusogeza kete anarudi. Korchnoi akachanganyikiwa, akalalamika, akaona anafanyiwa mambo. Akapoteza ya 11, 12, 13, 14. Nne mfululizo! Uongozi wa pointi 5 ukabaki 1. Na ulipobaki 1, maji yapo shingoni, akatulia, sare mbili, kisha akashinda ya 17 na ya 18 akamaliza kazi, 10½ kwa 7½.

Kwa hiyo picha ipo hivi: ukimpa Korchnoi uongozi anaanza kupigana na vivuli, ukimtoa kwenye uongozi anaanza kucheza chesi. Moscow alikuwa nyuma akaamka, Belgrade aliongoza akazama, akasogelewa akaamka.

Sasa Baguio, Ufilipino, 18 Julai mpaka 18 Oktoba 1978. Miezi mi3 kamili, mlimani, mvua. Wa kwanza kufikisha ushindi 6, sare hazihesabiwi, gemu hazina kikomo. Korchnoi 47, Karpov 27. Vituko vilianza kabla ya kete. Korchnoi alitaka bendera ya Uswisi, alikokuwa anaishi baada ya kukimbia, akakataliwa kwa sababu hakuwa raia. Viti vikakaguliwa. Gemu ya 2 Karpov akaletewa yogati ya zambarau, upande wa Korchnoi ukaandika malalamiko kwamba aina au muda wa chakula unaweza kuwa ujumbe wa siri, mpaka ikabidi yapangwe masharti kuhusu yogati. Mtu anayeitwa Zukhar, mtaalamu wa saikolojia wa timu ya Karpov, akawa anakaa viti vya mbele anamkazia macho Korchnoi masaa yote. Korchnoi naye akaja na miwani ya kioo inayomrudishia Karpov mwanga. Gemu ya 8 Karpov akakataa kumpa mkono, na akashinda gemu hiyo, ya kwanza kuwa na mshindi baada ya sare 7.

Katika sare hizo 7 ipo ya 5, ambayo Korchnoi alikuwa na nafasi ya kumfungia mfalme kabisa akaikosa kwenye presha ya saa, gemu ikaburuzwa mpaka muvu 124 ikaisha sare kwa mfalme kukosa pa kwenda bila kuwa kwenye cheki. Muvu 124, na mara ya kwanza katika mechi tunaona adui yake mkubwa ni nani. Ni saa.

Turudi kwenye gemu ya 17. Kabla haijaanza Korchnoi alimuona Zukhar amekaa mbele akagoma kucheza mpaka aondolewe. Saa yake ilikuwa inatembea. Zikaondoka dakika kama 11 katika mabishano, dakika zake mwenyewe. Zukhar akasogezwa nyuma, Korchnoi akashinda mabishano, akakaa, akacheza vizuri sana, akapata nafasi nzuri, na ilipofika muvu ya 39 hana dakika za kuona farasi wawili.

Mtu atasema basi Zukhar ndo alimfunga. Mi nakataa. Tuseme kweli macho ya mtu yanaweza kukukera, yanakera, nimecheza drafti kijiweni najua mtu mmoja amesimama nyuma yako anaguna anavyoweza kukutoa mchezoni. Ila dakika 11 hakuzichukua Zukhar. Alizitoa Korchnoi mfukoni mwake akazilipia ugomvi. Na alizilipia siku ambayo alikuwa mweupe, nyuma kwa 3 kwa 1 tu, mechi bado iko wazi. Hakuwa shimoni vya kutosha. Hiyo ndo nadharia yangu, alikuwa bado na nafasi ya kugombana na mambo ya pembeni kwa hiyo aligombana.

Ikawa 4 kwa 1. Akaondoka kwenda kupumzika Manila. Yakafanyika makubaliano, Zukhar akae nyuma, miwani ivuliwe. Akashinda ya 21, akapoteza ya 27. 5 kwa 2. Karpov anahitaji gemu 1 tu, moja, na gemu hazina kikomo kwa hiyo hakuna hata namna ya kujificha mpaka muda uishe kama Moscow. Mzee wa miaka 47, miezi miwili na zaidi mlimani, mke na mtoto mateka. Hapo ndo shimo lenyewe.

Akashinda ya 28. Akashinda ya 29. Ya 30 sare. Ya 31 akambana Karpov kwenye hatua ya mwisho ya gemu, zimebaki ngome na kete chache, muvu 71 za kuminya taratibu, kitunda kimoja kimoja, akashinda. 5 kwa 5! Ushindi 3 ndani ya gemu 4, dhidi ya bingwa wa dunia ambaye kwa kawaida alikuwa anapoteza gemu kwa nadra. Mi naamini kwenye historia ya mechi za ubingwa kuna mambo machache ya kufikia hapo, na ningefundishwa chesi upya ningeomba nianze na gemu hizi 4 kabla ya kitu kingine.

Sasa yupo sawa na Karpov, hayupo nyuma tena, na kwa mara ya kwanza tangu 1974 taji lipo umbali wa gemu 1. Karpov akaomba mapumziko, akashuka Manila kuangalia basketiboli, akarudi kapoa. Gemu ya 32 Korchnoi mweusi akachagua ulinzi wa Pirc, ufunguzi unaomwachia mweupe katikati yote ya bodi kwa matumaini ya kuja kumvunja baadaye. Ni chaguo la mtu aliye nyuma kwa pointi na anatafuta fujo. Zukhar akaonekana karudi safu za mbele, wasaidizi wa Korchnoi wakalalamika tena. Karpov akachukua nafasi, akabana, saa ya Korchnoi ikaisha kama kawaida, gemu ikasimamishwa baada ya muvu 41 na hali ni mbaya. Kesho yake hakurudi kwenye bodi, akatuma taarifa ya kukubali, na karatasi ya gemu hakuisaini. 6 kwa 5, sare 21.

Yeye aliamini mpaka mwisho kwamba makubaliano kuhusu Zukhar yalivunjwa, na kwa hilo ana haki ya kulalamika. Ila ufunguzi wa gemu ile haukuchaguliwa na Zukhar. Kama angecheza kitu kizito, cha kuchosha, ufunguzi wa Kifaransa au ule wa Kihispania wa wazi alioutumia mechi nzima, Karpov aliyetoka kupigwa mara 3 ndo angebeba presha. Hapa ndo naona kisa kizima kilipofungwa.

Kuna kitu kinachopinga nadharia yangu na siwezi kukificha. Merano, Italia, 1981, mechi ya pili ya ubingwa. Baada ya gemu 4 tayari 3 kwa 0, shimo lile lile, na safari hii hakuamka. 6 kwa 2, gemu 18 tu. Unaweza kusema alikuwa na miaka 50. Unaweza kusema Igor alikuwa kambini wakati baba yake anacheza. Mi nasema yote mawili. Igor aliachiwa 1982, na mwaka huo yeye na mama yake wakafika Uswisi.

Na kingine kinachonipa uhakika zaidi kuhusu huyu mtu ni 1983. Nusu fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa alipangwa na kijana Garry Kasparov, mechi iwe Pasadena, Marekani. Wasovieti wakakataa kwenda, ikatangazwa Korchnoi kashinda bila kucheza. Angeweza kukaa na ushindi wake, hakuna aliyemdai kitu. Akakubali mechi ichezwe London. Akashinda gemu ya 1, akaongoza, na mnajua yeye na uongozi, ikaisha 7 kwa 4 kwa Kasparov. Ila ususiaji wa miaka 7 ukaisha hapo.

Baada ya hapo ubingwa haukuwa tena mezani, na ajabu ni kwamba ndo akacheza kwa amani. 2004 kamfunga Magnus Carlsen, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, Carlsen akiwa mtoto wa miaka 14. 2006 bingwa wa dunia wa wazee. Januari 2007, miaka 75, yumo kwenye orodha ya wachezaji 100 bora duniani. Bingwa wa Uswisi 2009, na tena 2011 akiwa na miaka 80. Alipata kiharusi, akaendelea kusogeza kete akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akafa Wohlen, Uswisi, 6 Juni 2016.

Gemu niliyoipanga usiku ule baada ya ile ya 17 ni ya Gibraltar, mwanzoni mwa 2011. Fabiano Caruana, miaka 18, reitingi (alama za ubora) juu ya 2700, kete nyeupe. Korchnoi, miaka 79, kete nyeusi. Nikaisogeza mpaka mwisho bila kusimama popote. Alishinda mzee.